Jina Chini ya Krimu

Umeme ulikatika Jumamosi asubuhi keki ikiwa ndani ya oveni, imeumuka nusu, na yeyote aliyewahi kuoka anajua maana yake. Farida alivuta kigoda akakaa mbele ya oveni, mikono mapajani, akiubembeleza umeme kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Uliporudi, keki ilikuwa imebonyea katikati. Aliichoma kwa njiti, na njiti ikatoka na uji.

Mayai yalikuwa yamekwisha na hafla ilikuwa alasiri ile ile. Zulfa, binti wa Bi Amina wa nyumba ya tatu, alikuwa anavishwa pete na Isihaka, fundi umeme wa bandarini. Bi Amina alitaka keki ya mraba, krimu nyeupe, maandishi ya bluu: Hongera Zulfa na Isihaka. Alishawatangazia watu wa mtaa wao wa Mtawanya kwamba keki inatoka kwa Farida, kwa hiyo walioalikwa walikuwa wanajua, na wasioalikwa walikuwa wanajua zaidi.

Ndani ya friji kulikuwa na keki nyingine. Ya mraba. Ya krimu nyeupe.

Keki hiyo ilikuwa ya shemeji yake, Asadi, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa ng'ambo ya Ruvuma akijenga nyumba za watu upande wa Msumbiji. Katikati ya wiki alimpigia simu mama yake, Bi Somoe: "Mama, Alhamisi navuka mto pale Kilambo, jioni niko nyumbani." Bi Somoe hakulala. Alimwamuru mkwewe aoke keki kama wanazookewa watoto wa wakubwa, na Farida alipomuuliza aandike nini, karibu nyumbani, au tumekukumbuka, mama akasema, "Andika jina lake tu. Mengine nitamwambia kwa mdomo."

Jina likaandikwa kwa rangi nyekundu, ASADI, herufi kubwa za kujaza keki. Kisha Bi Somoe akaomba mfuko wa krimu. Hakusoma hata darasa moja, na tangu alipopigwa na kiharusi mkono wake wa kulia hutetemeka, lakini alitaka naye aweke mkono wake. Akavuta mstari chini ya jina la mwanawe. Mstari ukaenda ukipanda na kushuka, wakacheka wote wawili.

Asadi hakufika Alhamisi. Ijumaa simu yake ilikuwa haipatikani. Bi Somoe akaifunga keki kwenye boksi, akaliviringishia utepe, akaapa: "Keki hii haikatwi mpaka mwenyewe aje. Atakayeigusa, mimi na yeye basi." Alasiri ile ile ikaja habari ya msiba wa binamu yake huko Mikindani, na msiba hauna ahadi. Akaenda, akaacha boksi frijini.

Sasa Farida alikuwa amesimama mbele ya boksi hilo. Alijiambia kwamba angeoka nyingine kesho, aandike jina upya, autetemeshe mkono wake mwenyewe kwa ajili ya mstari, na mama mkwe hatajua. Akafungua utepe. Jina alilikwangua kwa kijiko, taratibu, na mstari pia. Alijua kabisa kwamba nyekundu ndiyo rangi mbaya kuliko zote. Unaikwangua juu, mzizi unabaki. Lakini krimu iliyobaki ilikuwa kidogo, na saa haimsubiri mtu. Akapaka tabaka jembamba, akaandika kwa bluu majina ya maharusi, na mwandiko ukatoka mzuri kuliko siku zote. Ile keki iliyobonyea akaitia kwenye boksi la mama, akafunga utepe kama ulivyokuwa.

Jambo moja hakuliwaza hata kidogo, na ndilo lililokuja kumla. Kabla ya kwenda ng'ambo, Asadi alikuwa amempelekea posa Zulfa. Bi Amina alijibu kwamba binti yake hana haraka, maana yake kijana hana kitu. Na aliyeipeleka posa ile, na kurudi na kikapu chake kama kilivyokwenda, alikuwa Farida.

*

Sebuleni kwa Bi Amina watu walikuwa wengi kuliko hewa. Feni ilizunguka kwa heshima tu. Keki ilikuwa imewekwa mezani karibu na dirisha, jua likiipiga ubavuni, na akina mama walikuwa katikati ya kaswida wakati mpiga picha alipomgeukia Farida.

"Dada wa keki, haya maandishi ya chini nayo niyachukue?"

Farida akatazama. Chini ya bluu, ndani ya weupe, kulikuwa na wekundu hafifu unaopanda. A ilikuwa imeshasimama. S ilikuwa inakuja.

Alijisogeza akaikinga keki kwa mgongo, akajifanya anapanga maua, akamnong'oneza mwenye nyumba: "Bi Amina, tukate sasa. Krimu haipendi joto."

"Kaswida iishe, Farida. Kwani unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nasema tu ikatwe mapema, inapendeza zaidi."

"Keki yangu itakatwa na maharusi, haitakatwa na joto," Bi Amina akasema, akaendelea kuimba.

Kaswida ile ilikuwa na beti nyingi. Ilipokwisha, Bi Mwanahawa, shangazi yake Isihaka, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alishika kisu kilichofungwa utepe akaja mezani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani, asiyependa mambo ya kufichwafichwa.

"Sogea mwanangu, tuione keki yetu."

Farida alisogea, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya keki mpaka siku ya kiyama. Bi Mwanahawa aliinama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asadi," alisoma. Kisha akauliza kwa upole sana, "Asadi ndiye nani?"

Hakuna aliyejibu. Na hapo ndipo jambo lilipoharibika, maana angekuwa mtu asiyejulikana, japo mmoja angesema simjui. Watu wa Mtawanya wote walitazama miguu yao. Zulfa, chini ya ushungi wa dhahabu, aliinua macho mara moja tu, akayashusha.

"Limeandikwa chini, likafunikwa," Bi Mwanahawa alisema. "Na huu mstari? Tazameni ulivyokwenda kama nyoka. Huu ni mkono wa mganga. Mwanangu Isihaka ale hiki?"

Pwani hii watu wananywa maandishi. Mgonjwa akizidiwa, huandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa akapona, au akafa akiwa na imani yake. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba neno likiandikwa likaliwa huingia mwilini likafanye kazi yake. Kama la heri linaingia, na la shari nalo lina mdomo ule ule wa kupitia.

"Ni rangi tu, shangazi," Farida alisema. "Rangi imevuja."

"Rangi imevuja ikaandika jina?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Isihaka alikifunga kikasha cha pete, akakitia mfukoni, akatoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu. Hakurudi. Keki ilifunikwa kwa kanga, na Bi Mwanahawa akaagiza isiguswe wala isitupwe, itunzwe kwenye friji mpaka ijulikane. Farida alitoka kupitia mlango wa uani, na hakuna aliyemsindikiza.

*

"Niambie kabla sijaambiwa na watu," Abdulkarimu alisema.

Mumewe Farida alikuwa karani wa ghala la korosho, mtu mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Farida alimweleza yote, umeme, njiti, kijiko, kaswida. Alipomaliza, Abdulkarimu alikuna ndevu.

"Asadi alikupigia simu?"

"Mimi? Kwa nini anipigie mimi?"

"Posa ulipeleka wewe."

"Nilitumwa na mama yenu! Wewe mwenyewe ulinipa nauli."

"Nauliza tu. Katika keki zote umechukua hiyo. Katika hafla zote, umeipeleka hiyo."

"Kwani mimi ndiye niliyechagua? Umeme ulikatika, Abdulkarimu."

"Umeme," alisema, na namna alivyolisema neno hilo ilimuuma Farida kuliko tusi.

Kisha Abdulkarimu akasema, kwa sauti ya chini, "Basi kesho uende ukawaambie ulivyoniambia mimi. Binti wa watu asiharibikiwe."

"Nikiwaambia wao, na mama atajua. Ameapa. Nimwambie keki ya mwanawe tumeiuza? Na mwanawe hajaja?"

Abdulkarimu alikuwa ameshawauliza madereva wanaokwenda Kilambo, na wote walisema hawakumwona ndugu yake akivuka. Hilo hakumwambia mama yake wala mkewe. Nyumba ile ilikuwa imeanza kufichana mambo kila mtu kwa nia njema, na hiyo ndiyo mifarakano migumu kuitibu.

Farida alipompakulia wali, Abdulkarimu aliosha mikono, akakaa, akaitazama sahani. Alisubiri mpaka mkewe alipotia tonge la kwanza mdomoni, ndipo akala. Labda alikuwa na mawazo yake tu. Farida hakuuliza, lakini aliona.

*

Jumapili alikwenda dukani kununua mayai ili aoke keki ya mama kabla hajarudi.

"Mayai yamekwisha," muuzaji alisema. Trei zilikuwa nyuma yake, zimepangana mpaka begani.

"Na hayo?"

"Hayo yana mwenyewe."

Alirudi mikono mitupu akamkuta Mwalimu Theresia barazani. Theresia alikuwa mtu wa Songea, Mkatoliki, jirani mwema, na binti yake Neema alikuwa anapata kipaimara wiki inayofuata. Keki ilishaagizwa.

"Dada Farida, nimeona mwaka huu tupike pilau tu."

"Pilau na keki havigombani, mwalimu."

"Najua. Mimi mambo hayo siyaamini, unanifahamu." Theresia alivuta mkoba wake kifuani. "Ila wageni ndio hivyo tena. Mtu anaweza kukataa kula mbele ya padri, ikawa aibu. Kianzio ukae nacho, usinirudishie."

Hilo la kianzio ndilo lililomliza Farida. Mtu anayekuachia fedha yake ili asikanyage tena kwako amekwisha kukuzika.

Adhuhuri mlango wa uani uligongwa kwa ukucha. Alikuwa Zulfa, amejifunika mpaka puani.

"Dada Farida, wanasema mimi ndiye niliyekutuma. Shangazi yake Isihaka anasema nilitaka kula jina la mwanamume mwingine siku ya pete yangu. Mama hasemi na mimi. Ananitazama tumbo."

"Mungu wangu."

"Sasa niambie wewe. Jina lilifikaje pale?"

Farida akamwambia. Zulfa alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa jiko, na la kwanza kulisema halikuwa juu ya keki.

"Kwa hiyo Asadi anarudi?"

Aliliuliza upesi mno. Farida akamtazama, na kwa mara ya kwanza yeye naye akashuku. Hivyo ndivyo shaka ilivyo: humshika hata aliyeumizwa nayo.

"Alisema anarudi. Simu haipatikani."

Zulfa akavuta ushungi. "Kesho wanakuja hapa, wao na mama na mjumbe. Wanaileta keki. Sema ukweli mbele yao, dada yangu. Mimi na Isihaka tumeshakubaliana maisha, usiache nife kwa kosa la umeme."

"Nitasema."

"Apa."

Farida aliapa. Lakini alipobaki peke yake, akalitazama friji, akajua kwamba aliyeapa leo ni yeye, lakini atakayesema kesho huenda ni woga wake.

*

Jumatatu, kabla wageni hawajafika, bodaboda ilisimama nje. Bi Somoe alishuka na kikapu chake, kanga ya msibani mabegani. Huko Mikindani watu walikuwa wamemficha habari, au walikuwa wanamwogopa. Kwa vyovyote hakuna aliyemwambia.

"Amepiga?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Keki ipo?"

Abdulkarimu, aliyebaki nyumbani kwa ajili ya kikao, alitazama dari.

"Ipo, mama," Farida alisema.

Bi Somoe alifungua friji, akaweka kiganja juu ya boksi, akasema bismillahi, akafunga. Alikwenda chumbani kupumzika. Hakukaa sana, hodi ikapigwa.

Waliingia kwa mpango: mjumbe wa mtaa mbele, akifuatwa na Bi Mwanahawa, Bi Amina, na Zulfa mwisho kabisa. Keki ilikuwa ndani ya kanga. Ilipowekwa juu ya stuli na kufunuliwa, ASADI lilikuwa limekoza kabisa, limewazidi Zulfa na Isihaka, na mstari wa mawimbi chini yake. Farida alileta maji ya kunywa. Aliwawekea karibu. Bilauri zikabaki zimejaa.

"Tumekuja kwa heri," Bi Mwanahawa alianza. "Sisi tunataka neno moja. Kama msichana alikutuma, useme, tuchukue njia yetu. Kama hukutumwa, useme umefanya kwa ajili ya nani, na mganga gani, ili vitu hivi vitolewe. Kijana wangu tangu juzi hali."

"Hali kwa sababu umemtia hofu," Zulfa alisema chini chini.

"Nyamaza wewe!" Bi Amina akamkatiza mwanawe. Kisha akamgeukia Farida, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Farida mwanangu, kama ulifanya kwa wivu, sema tu. Wivu ni kitu cha kibinadamu, utasamehewa. Binti yangu apone."

Yaani Farida akubali uchawi, ili watu watulie. Pazia la chumbani lilitikisika, na Bi Somoe akatokea, kanga mkononi.

"Kuna nini kwangu?"

"Mama, rudi upumzike," Abdulkarimu alisema.

"Kwangu kuna mjumbe, nipumzike? Kuna nini?"

Farida akaona kwamba akinyamaza hapo, hatasema tena maishani. Akasema bila kumtazama mama mkwe wake. "Keki hii haikuwa ya Zulfa. Ilikuwa ya shemeji yangu Asadi, ya kumkaribisha nyumbani. Ya Zulfa iliharibika ndani ya oveni. Nikakwangua jina, nikapaka krimu, nikaandika majina yao juu. Nyekundu ikapanda. Sikutumwa na mtu. Zulfa hakujua, na mganga sina."

"Kumkaribisha?" Bi Mwanahawa akauliza. "Asadi yuko wapi?"

"Hajafika."

"Hajafika, na keki imeokwa." Akamgeukia mwenye nyumba. "Dada, wewe ndiye mama yake. Ni kweli haya?"

Bi Somoe alimtazama mkwewe kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake amechanganyikiwa kwa hofu. "Keki ya mwanangu iko frijini," alisema. "Nimeishika sasa hivi kwa mkono wangu. Farida, mwanangu, usiseme uongo kwa kuogopa watu."

Mjumbe aliguna. Bi Amina alijipiga paja, "Umeona!" Na Abdulkarimu, ambaye angeweza kusema neno, aliinamisha kichwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajaliona boksi hilo limefunguliwa, na tangu Jumamosi alikuwa akitafuta kitu cha kumfanya aamini.

Farida alinyanyuka. Alifungua friji, akalileta boksi, akaliweka chini miguuni pa Bi Somoe.

"Usilifungue," Bi Somoe alisema. "Nimeapa."

"Nisamehe, mama."

Utepe ulitoka kwa kuvutwa mara moja. Ndani kulikuwa na keki iliyobonyea, rangi ya kahawia, bila krimu, bila jina, imeanza kupasuka pembeni kama ardhi ya kiangazi. Bi Somoe aliitazama muda mrefu. Kisha akainua macho kwenye keki ya juu ya stuli, akaisogelea, akainama.

Jina hakuweza kulisoma. Lakini aliufuata ule mstari kwa kidole, bila kuugusa, ukipanda na kushuka, mpaka mwisho wake.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

"Mkono wako vipi?" Bi Mwanahawa aliuliza. "Huo mstari ni wa..."

Bi Somoe alinyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wa mgeni. Vidole vilikuwa vinatetemeka, vinapanda na kushuka. Aliuacha hapo, hewani, mpaka Bi Mwanahawa akavua miwani na kutazama pembeni.

"Mganga ni mimi," Bi Somoe alisema. "Nilimwandikia mwanangu ili akija ajue mama yake alikuwa anamngoja. Leteni kisu."

"Mama," Abdulkarimu alisema, "umeapa isikatwe."

"Niliapa nikiwa nyumbani kwa watu wazima, sikujua mnaogopa sukari. Leteni kisu!"

Alikata mwenyewe, mkono ukitetemeka, vipande vikatoka vya kila umbo. Kipande chenye mstari alikila yeye, kwanza, mbele ya wote, akitafuna polepole na machozi yakimshuka bila yeye kuyajali. Farida alikula. Abdulkarimu alikula, na alipopokea kipande alikipokea kutoka mkononi mwa mkewe, akakitia mdomoni papo hapo, akamwangalia. Mjumbe alikula viwili, maana kazi ya ujumbe haina mshahara.

Bi Somoe alimpa Zulfa. "Kula, mwanangu. Ni keki tu."

Zulfa alikula. Alikula chote, mpaka krimu nyekundu ya kidoleni, na alipokuwa akila alilia kwa sauti ya ndani kwa ndani, mabega yakimtikisika. Bi Amina alisema ni furaha ya kusafishika. Bi Mwanahawa aliyaona machozi yale, akayahifadhi.

"Na wewe, dada," Bi Somoe alimwambia.

"Ahsante. Sukari yangu iko juu, nitakula nyumbani." Alikifunga kipande kwenye leso, akasimama. "Basi yamekwisha. Tutazungumza na kijana. Tusameheane."

Waliagana kwa kushikana mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Abdulkarimu aliwasindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alipitia kando ya uzio. Alikiona kipande hapo kwenye mchanga, sisimizi wameshajipanga. Alikifukia kwa kisigino kabla mama yake hajatoka.

Isihaka alimvisha Zulfa pete mwisho wa wiki ile, bila hafla. Keki haikuwepo.

*

Jioni ya Jumatatu ile, Farida alikuta mama mkwe wake amekaa jikoni kwenye kigoda, mbele ya oveni. Farida alipiga magoti.

"Mama, nimekukosea. Nipige, nifukuze, sema lolote."

"Ulilifuta kwa nini?"

"Nilikuambia, mama, ya Zulfa ili..."

"Nauliza ulilifuta kwa kitu gani? Kisu?"

"Kijiko."

"Ulikwangua lote?"

"Lote, mama. Sikuacha hata alama. Niliangalia mara mbili."

Bi Somoe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea jibu alilokuwa akilitaka. Usoni mwake, ambako tangu Alhamisi hakukuwa na kitu ila kungoja, kulikuwa na mwanga.

"Wale wameona uchawi," alisema. "Wajinga. Mimi nimekaa hapa nawaza. Umelifuta jina la mwanangu kwa kijiko, umelifunika kwa krimu, umeandika watu wengine juu yake. Likarudi. Lenyewe, Farida, bila kuitwa na mtu. Sasa niambie wewe unayeandika kila siku: jina linaweza kurudi, mwenyewe asirudi?"

Farida alijua rangi nyekundu. Alijua inavyonywewa na mafuta ya siagi, inavyopanda penye joto, inavyokuwa vivyo hivyo kwa jina la mtu aliye hai na jina la asiyejulikana alipo. Alikuwa ameshasema ukweli siku ile, mbele ya mjumbe, na ulikuwa umetoka kwa shida. Nje Abdulkarimu alikuwa anapiga simu. Sauti ya kike ya mtambo ilisikika kupitia dirishani, namba unayopiga, kisha akaikata.

"Haiwezekani, mama," Farida alisema. "Lazima arudi."

"Basi kesho katafute mayai," Bi Somoe alisema, akaanza kuinuka kwa kushika bega lake. "Na uandike kwa ile ile nyekundu."